Mkulima na Mfugaji Katika Njia Moja



Wengi hudhani kwamba kazi ya mchungaji wa roho hufanyika altareni, katika kiti cha maungamo na kwenye vikao vya parokia. Ni kweli, lakini si yote. Sehemu kubwa ya siku ya padri wa vijijini hupita njiani, na huko njiani hukutana na watu ambao hakupanga kuonana nao. Bwana wetu alikutana na Mwanamke Msamaria kisimani na Zakayo mtini, na hakuna kati yao aliyekuwa ameitwa kikaoni. Sisi tunaohudumu kati ya Mikumi na Kilosa twapenda kuwashirikisha jambo moja tulilofundishwa na makutano ya namna hiyo, kwa kuwa linahusu amani ya wilaya yetu.

Kiangazi kimoja, gari la parokia lilipokuwa likitoka Mikumi kwenda Kilosa kwa njia ya Ulaya, tuliwapa nafasi abiria wawili. Wa kwanza alikuwa mama mkulima. Wa pili, aliyepandia mbele zaidi, alikuwa mzee mfugaji aliyembeba mjukuu wake mwenye homa, akimpeleka hospitali. Hawakusalimiana. Msomaji anajua uzito wa jambo hilo: katika nchi yetu hata mtu tusiyemfahamu humpa mzee shikamoo. Baada ya mwendo kidogo mama akasema, “Baba, hawa ndio waliolisha mahindi yangu.” Mzee akajibu kwa upole, “Padri, mimi sina hata ndama mmoja. Ng'ombe wangu waliisha mwaka ule tulipoondolewa.” Mtoto akakohoa sana. Mama akatoa chupa yake ya maji, akaipitisha kwa mzee bila kusema neno.

Twaweza kuishia hapo na kusifu huruma ya mama yule. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumekwepa swali. Huruma ilikuwapo ndani ya gari lile. Kilichokosekana ni haki. Mahindi ya mama hayakuwa yamelipwa, wala hakuna aliyekwenda kuyatathmini. Na mzee alikuwa amehukumiwa kwa ng'ombe wasio wake, kwa sababu tu ya shuka aliyojifunga. Maji ya kunywa hayalipi shamba, wala hayamwondolei mtu hatia aliyobandikwa.

Katika Kilosa kila upande una mwaka wake wa kilio. Wakulima hukumbuka tarehe 8 Desemba 2000, walipouawa watu 38 katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wanawake na watoto wakiwamo. Wafugaji hukumbuka mwaka 2009, walipoondolewa kwa nguvu na wengi kupoteza mifugo iliyokuwa riziki yao yote. Machozi ya upande mmoja hayafuti machozi ya upande wa pili. Atakayetaka kuleta amani sharti akubali kusikiliza miaka yote miwili.

Tena tusidanganyike kwamba ugomvi huu watoka katika damu ya makabila. Hifadhi ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230. Ardhi nyingine nzuri ilichukuliwa tangu ukoloni kwa mashamba makubwa ya mkonge huko Kimamba na Rudewa, na baadhi ya mashamba hayo baadaye yalibaki vichaka. Watu wameongezeka, na mifugo vilevile. Kiangazi kikifika, jembe na kwato hukutana penye maji, kwenye mabonde yale yale. Kinachogombaniwa na wanyonge wawili ni masalio. Na panapoingia rushwa, mwenye kundi kubwa akanunua ukimya, na mkulima akaombwa fedha ili shauri lake lisikilizwe, hasira huenda kumwangukia yule asiye na kitu.

Maandiko Matakatifu yanalifahamu jambo hili. Kaini alikuwa mkulima na Abeli mfugaji. Damu ya kwanza iliyomwagika duniani ilimwagika shambani. Lakini tusimgeuze jirani yetu yeyote kuwa Kaini, maana kitabu hicho hicho cha Mwanzo kinatuonyesha njia nyingine. Wachungaji wa Abrahamu na wa Lutu walipogombana, Abrahamu hakungoja fimbo ziinuliwe. Alizungumza kwanza, akaitazama nchi pamoja na nduguye, na ingawa alikuwa mkubwa, akamwachia mdogo kuchagua. Huo ulikuwa mpango wa ardhi uliofanywa kwa upendo.

Wapo watakaosema kwamba padri ameingia katika siasa. Twajibu kwamba Papa Paulo VI, katika Siku ya Amani ya mwaka 1972, alifundisha kuwa atakaye amani hana budi kutenda haki. Anayewazika waliouawa ana wajibu pia wa kuuliza kwa nini waliuawa.

Basi twashauri mambo matatu. Kwanza, jumuiya ndogo ndogo zivuke mipaka ya mazoea. Maaskofu wa AMECEA walipozipa kipaumbele mwaka 1976, hawakukusudia ziwe vikundi vya watu wa kabila moja wanaosali rozari pamoja. Wagonjwa na wafiwa wa maboma nao watembelewe, wawe wakristo au sivyo.

Pili, tujue sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, kwa kazi ya kusuluhisha. Wajumbe hao huthibitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Walei waadilifu wahudhurie mkutano huo, wakatae mla rushwa hata akiwa mfadhili wa kwaya, na wahakikishe kuwa sauti ya mfugaji nayo inasikika.

Tatu, tuzungumze wakati wa masika, kabla mito haijapungua. Njia za mifugo na mahali pa kunyweshea vikubaliwe mapema, na fidia ya shamba lililoliwa ilipwe na mwenye ng'ombe yule aliyekosa, si na kabila lake. Kikao kinachoitishwa baada ya mazishi kimechelewa.

Mwenyezi Mungu awajalie viongozi wetu ujasiri wa kuitafuta kweli, na sisi sote moyo wa kusalimiana kwanza, kisha kulipana kilicho haki.