Kati Kati Haitishi? Inategemea Unaogopa Nini

Filamu ya Kenya inayoitwa Kati Kati imezunguka hosteli kwa flashi tangu semista ianze, na hukumu ninayoisikia ni neno moja tu: haitishi. Washkaji wanasema waliambiwa ni muvi ya wafu, wakazima taa, wakakaa dakika 75, na hakuna aliyeshtuka hata kidogo. Damu hakuna, meno marefu hakuna, bibi anayepaa na ungo hakuna. Watu wanaogelea, wanacheza, wanapiga stori, muvi inaisha.

Mimi nasema inatisha, na inatisha kuliko muvi nyingi za mizimu tulizokua nazo. Ila haitishi kwa namna tuliyoizoea, na kuzoea kwetu ndiko kunakonifanya niandike.

Kwa ambaye hajaiona: dada mmoja, Kaleche (Nyokabi Gethaiga), anazinduka nyikani mchana kweupe, hakumbuki chochote. Anaona hoteli kama zile za watalii, anaingia, anakuta kundi la watu na kiongozi wao Thoma (Elsaphan Njora). Wanamweleza bila kelele kwamba amekufa. Wote pale wamekufa. Wakitaka kitu wanakiandika kwenye karatasi, kinakuja. Kuondoka ndiyo hawawezi. Taratibu tunagundua kwamba kila mmoja ana jambo aliloliacha duniani na hataki kulitazama. Anayezidi kulikimbia, ngozi yake inapauka, inakuwa nyeupe kama mtu aliyepakwa majivu.

Aliyeiongoza ni Mbithi Masya, yule wa kundi la muziki la Just a Band, na aliiandika pamoja na Mugambi Nthiga. Ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Septemba 2016, kwenye tamasha la Toronto, ilipewa tuzo ya FIPRESCI, shirikisho la kimataifa la wahakiki wa filamu. Mwaka 2017 Kenya ikaipeleka kuwania Oscar upande wa filamu za lugha za kigeni. Kwa hiyo tuna jambo la ajabu kidogo: wahakiki wa nje wanaipa tuzo, mtazamaji wa hosteli anapiga miayo.

Jibu la haraka ni kwamba Wazungu wanapenda muvi za polepole. Jibu lingine la haraka ni kwamba sisi hatujui sanaa. Yote mawili ni ya uvivu. Tuzo ya Toronto haimlazimishi mtu kupenda kitu, na mwanafunzi wa mwaka wa pili si mshamba kwa sababu tu amesinzia. La kujiuliza ni tumefundishwa na nani kuogopa, na kuogopa nini.

Mimi ni mtoto wa Buhare, Musoma. Kizazi changu kimelelewa na kibanda cha video: benchi, turubai, jenereta, na mtu wa kutafsiri anayepiga kelele kuliko muvi yenyewe. Za kutisha zilikuwa za Kinaijeria, halafu za kwetu. Mussa Banzi alitupa Nsyuka na Shumileta, na heshima yake abaki nayo, maana alichukua hadithi tunazosimuliwa nyumbani akaziweka kwenye skrini kwa bajeti ndogo sana. Lakini muvi nyingi za aina ile zina kanuni moja. Ubaya unatoka nje. Kuna jini, kuna mchawi, kuna mtu fulani aliyekufanyia. Akishapatikana, akashindwa kwa maombi au kwa dawa, mambo yanakaa sawa.

Kanuni hiyo ni tamu kwenye kibanda. Kwenye kijiji ina gharama. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kuelezwa habari za vikongwe waliouawa kwa sababu macho yao ni mekundu. Mama amepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini, moshi umemharibu macho, halafu mtoto wa jirani akifa yeye ndiye anatazamwa. Tumeona pia ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa kwa ahadi za waganga, mpaka Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Sisemi muvi ndiyo iliyoshika panga. Nasema muvi inayotuonyesha kila mara kwamba bibi kizee ndiye chanzo cha msiba inafundisha somo, na darasa lake ni kubwa kuliko la chuo chochote.

Kati Kati inakataa somo hilo. Ndani yake hakuna wa kumnyooshea kidole. Mmoja wa wafu wale, King (Peter King Mwania), alikuwa kasisi, na mzigo wake unamrudisha mtazamaji kwenye ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu elfu moja waliuawa. Jini hakuwepo pale. Walikuwepo majirani. Hilo ndilo linalonitisha mimi: kwamba unaweza kupewa kila kitu unachoandika kwenye karatasi, bwawa la kuogelea juu yake, na bado ulichokifanya kikawa kimekaa chumbani kinakusubiri.

Filamu ina kasoro, tusiipambe. Kiingereza ni kingi mno kwa hadithi yenye jina la Kiswahili, na wafu wake wengi wanaongea kama watu wa Nairobi waliosoma. Ningependa kumsikia marehemu mmoja kutoka Kisii au Kisumu akiongea kama watu wa huko. Lakini "kuna Kiingereza kingi" ni hoja. "Haitishi" bado si hoja, mpaka useme ulitaka kutishwa na nini.

Kwa nini hili lituhusu sisi wa ualimu? Kwa sababu tunaelekea kwenye BTP, halafu kazini. Siku moja wasichana wa kidato cha pili watapiga kelele na kuanguka mmoja baada ya mwingine, na watu watasema ni mapepo. Ndani ya saa moja litatajwa jina: mpishi wa shule, au bibi anayeishi nyuma ya uzio. Siku hiyo mwalimu ndiye anayeamua kama hadithi itakwenda kwa bibi au itarudi kwa wanafunzi wenyewe, wana njaa, wana hofu ya mtihani, au kuna mtu anawafanyia jambo bwenini. Hata hapa chuoni, mtu akipata sapu mbili, nyumbani wanaanza kumtafuta shangazi aliyehusika.

Nina ombi dogo kwa serikali ya wanafunzi. Ijumaa moja tu ya semista hii, ukumbi usionyeshe mpira. Tuonyeshe Nsyuka na Kati Kati, moja baada ya nyingine, kisha taa ziwashwe na tubishane: katika kila muvi, nani kafanya ubaya, na nani kalaumiwa? Atakayesinzia hatukamati. Ila akiamka, naye ajibu swali.