Paka wako akipotea, anza na jirani kabla ya kuanza na simu

Paka akipotea, wengi watakucheka. "Paka tu! Si utafute mwingine?" Usiwasikize. Kijana anayeishi peke yake kwenye bedsita Kihunguro au chumba cha kupanga Makongeni anajua thamani ya mnyama huyo. Ndiye anayempokea mlangoni jioni, na ndiye anayewazuia panya wasitoboe mfuko wa unga. Kumtafuta si upuzi. Ukikubali kufuga, umekubali pia kutafuta.

Tatizo ni jinsi tunavyotafuta. Siku hizi paka akikosekana, kijana anaweka picha Facebook na kwenye WhatsApp, kisha anaketi kusubiri. Watu walio Mombasa na Eldoret wanamtumia pole, ilhali jirani wa mlango wa tatu hana habari. Sisi tunasema hivi: anza kwa miguu na mdomo, simu ifuate.

Sababu ipo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 katika jarida la Animals uliwahoji zaidi ya watu 1,200 waliopoteza paka. Kati ya paka waliopatikana, asilimia 75 walikuwa ndani ya mita 500 kutoka mahali walipopotelea. Hiyo ni safari ya dakika sita au saba kwa miguu. Kwa hivyo usikimbilie barabara kuu ya Thika ukidhani ameshafika Juja. Huenda yuko nyuma ya ploti yenu, amejificha, anakusikia ukimwita na anaogopa kujibu. Paka aliyeshtuka hunyamaza hata mwenye kumfuga akiita.

Anza ndani ya nyumba: kabatini, chini ya kitanda, nyuma ya mtungi wa gesi, juu ya dari. Toka nje uangalie chini ya magari, kwenye mitaro, chini ya matangi ya maji, ngazi zote za jengo hadi paani, na stoo zinazofungwa. Ruiru na Thika zimejaa majengo ambayo bado yanajengwa, na paka hupenda kujibanza kwenye marundo ya mbao na mabati. Omba ruhusa kwanza, usiingie tu kwenye mjengo wa mtu.

Kisha rudi usiku, kelele za bodaboda na matatu zikipungua. Beba tochi na umulike chini chini, kwa sababu macho yake yatang'aa. Mwite kwa sauti ile ile unayotumia ukimpa chakula, na ubebe omena au chochote anachokipenda. Ukimwona, usimkimbize. Chuchumaa, ngoja, mwache aje mwenyewe. Na ikiwa mmehama juzi, uliza pia kule mlikotoka, maana paka aliyehamishwa anaweza kujaribu kurudi kwao.

Sasa tufike kwa majirani, na hapa ndipo vijana wengi tunakwama. Wengi wetu tumekuja Thika na Ruiru kwa masomo au kazi. Tunatoka alfajiri, tunarudi usiku, tunafunga mlango. Unaweza kuishi ploti moja mwaka mzima bila kujua jina la mtu wa pili. Siku paka anapopotea ndipo unagundua huna wa kumuuliza. Bisha hodi hata hivyo. "Shikamoo mama, mimi ni jirani yako wa chumba cha mwisho. Paka wangu amepotea, naomba kuangalia nyuma ya nyumba yako." Ongea na soja wa usiku, mama mboga, wahudumu wa bodaboda stejini na watoto wanaocheza mtaani. Watoto hasa huona mambo ambayo sisi hatuoni. Aulizaye njia hapotei.

Kuna jambo lingine la kuwaambia majirani, nalo ni la haraka. Wengi huweka sumu ya panya. Paka akila panya aliyekula sumu hiyo, anaweza kufa. Waombe waiondoe kwa siku chache, na ukimpata paka wako akiwa mnyonge au anatetemeka, mkimbize kwa daktari wa mifugo.

Ukishazunguka, sasa tumia simu. Weka picha wazi, rangi, mtaa na nambari yako kwenye kikundi cha ploti, na ubandike karatasi dukani. Lakini alama moja usiitaje, kama vile doa tumboni. Akipiga mtu akidai anaye, muulize kuhusu alama hiyo. Matapeli wapo, na watakwambia utume pesa kwa M-Pesa kwanza ndipo wakuletee. Usitume hata shilingi kabla ya kumwona paka. Pia wasiliana na shirika la KSPCA jijini Nairobi, ambalo hupokea wanyama waliookotwa.

Paka mwenye hofu akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia.

Nanyi majirani mnaobishiwa hodi, msicheke wala msifukuze. Fungueni stoo, angalieni dakika mbili. Na anayempiga paka wa mwenzake mawe akumbuke kwamba Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360.

Kama paka wako yuko ndani leo, shukuru, kisha ufanye mambo matatu wiki hii. Mvalishe ukanda wenye nambari yako ya simu, mpeleke achanjwe, na umsalimie jirani ambaye hujawahi kumsalimia. Ukisubiri hadi paka apotee, utaanza kujitambulisha saa ambayo ulipaswa kuwa unatafuta.