Nani Aitwe Bingwa?

Mmepata kuwaona watoto wa Wagenia wakiogelea katika maporomoko ya maji hapa Kisangani? Maji yanakwenda kwa nguvu na kupiga mawe kwa kishindo. Mgeni akitazama tu, huogopa. Lakini mtoto wa Wagenia hujitosa, huibuka mbali, na hucheka. Mgeni husema, «Huyu ana kipawa cha ajabu!»

Mgeni hasemi uongo, lakini hajaona yote. Mtoto yule alipanda mtumbwi na baba yake tangu udogo wake. Alijifunza mahali maji yanapozunguka na mahali jiwe linapojificha. Aliwatazama wazee wakisimika miti mikubwa kati ya mawe, wakiifunga kwa kamba za mwituni, na kutundika vikapu vya kunasia samaki. Alionywa, akatii. Ajabu ya leo ilitengenezwa siku nyingi.

Basi tuulize: nani aitwe bingwa? Wengi hujibu, «Ni yule anayewashinda wakubwa akiwa bado mdogo.» Humtaja Pelé wa Brazili. Mwaka 1958, akiwa na miaka 17, alifunga mabao mawili katika mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia, na Brazili ikaishinda Uswidi 5 kwa 2. Ni kweli, alikuwa kijana wa ajabu. Lakini baba yake alikuwa mchezaji wa mpira, naye alimfundisha.

Sasa sikilizeni habari ya mwingine. Freddy Adu alizaliwa Ghana mwaka 1989, kisha akahamia Marekani. Mwaka 2004, akiwa na miaka 14, alicheza mpira pamoja na watu wazima, tena kwa mshahara. Watu wakamwita Pelé mpya. Baadaye alihama timu nyingi, wala hakufika pale walipotabiri. Tusimcheke. Mimi nawalaumu watu wazima, kwa kuwa walimtwika mtoto mzigo wa mtu mzima.

Tena yuko Mkongo mwenzetu, Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966. Yeye hakuanza mpira wa kikapu utotoni, bali alipokuwa kijana mkubwa. Mwaka 1987 alikwenda Marekani kusoma, akitaka kuwa daktari. Hakuwa daktari, lakini akawa mchezaji mashuhuri sana. Je, mali yake aliifanyia nini? Alitoa mamilioni ya dola, hospitali ikajengwa Kinshasa, ikapewa jina la mama yake. Alifariki mwaka 2024, na wagonjwa bado wanatibiwa humo. Kwa maoni yangu, huyo ni bingwa kweli, ingawa alichelewa kuanza.

Labda mmoja wenu atanibishia: «Samaki mkunje angali mbichi. Afadhali niache shule, nifuate mpira.» Methali ni ya kweli. Cheza kila siku, na jifunze mapema. Lakini usiache shule. Mguu ukivunjika, mpira umekwisha. Kusoma na kuhesabu hakuvunjiki. Tena jihadhari na watu wenye maneno matamu. FIFA, chama kinachotawala mpira duniani, hakiruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia timu ya nchi nyingine, ila kwa sababu chache. Basi mtu akimwambia baba yako, «Nipe fedha leo, mwanao ataondoka kwenda Ulaya kesho,» baba asitoe hata faranga moja.

Kipawa si kitu cha kujivunia, kwa maana hukukinunua. Jivunie kazi uliyoifanya nacho, na watu waliofaidika.

Mtoto wa Wagenia hawi bingwa siku anapoogelea mbele ya wageni. Huwa bingwa siku ile anapotundika kikapu chake mwenyewe, akarudi na samaki, na nyumba nzima ikala.