Mabinti Waliobaki Ukingoni



Sisi wa Sumbawanga tumelelewa na baridi. Mji wetu uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai hata kutia udhu wa Alfajiri ni jihadi ya nafsi. Ndiyo maana watoto wetu wengi hukua bila kujua kuogelea.

Likizo iliyopita, familia tatu za msikitini petu tuliteremka kwa njia ya Kizi na Kibaoni hadi Majimoto, huko Mpimbwe mkoani Katavi, mahali palipopata jina kutokana na chemchemi zake. Safari hiyo huzidi kilomita 100, hivyo Adhuhuri na Alasiri tulizifupisha na kuzikusanya.

Watoto waliuliza ni nani aliyeyachemsha maji yale. Tukawaeleza kuwa maji ya mvua huzama katika nyufa za Bonde la Ufa, hupashwa na miamba ya chini sana, kisha hupanda tena kwa amri ya Mola. Mzee wetu mmoja akauliza iwapo udhu wake unasihi. Unasihi, kwani joto la maumbile haliyaondolei maji utohara wake. Lililo makuruhu ni joto kali linalomzuia mtu kutimiza udhu, na maji yakiwa ya kuunguza, ni haramu kuyatumia. Wenyeji wakatuonesha penye hatari, na pale chini ambapo kijito kimepoa.

Wavulana wakaingia na baba zao. Mabinti wakabaki ukingoni na mama zao, wakiosha masufuria ya pilau. Hatukuona kosa lolote, mpaka binti wa miaka saba alipoteleza. Kina ambacho kwa mtu mzima ni cha kifuani, yeye kilimfunika. Mama yake na shangazi zake walipiga mayowe, lakini hakuna aliyejua la kufanya majini. Alhamdulillah, kaka yake alikuwa karibu, akamtoa.

Tulirudi kimya. Tuliwanyima mabinti elimu hii kwa jina la stara, ilhali sheria haikutuagiza hivyo. Kuhifadhi uhai ni miongoni mwa makusudio yake makuu matano. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) aliusia watoto wafundishwe kuogelea, na neno "awlad" katika aya ya mirathi limekusanya wa kiume na wa kike.

Stara na kuogelea havigombani. Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha mabinti wa Kiislamu kuogelea, wakiwa na walimu wa kike na mavazi yanayositiri mwili wote.

Nasi tumekubaliana hivi. Safari ijayo wanawake watakuwa na saa yao, na wanaume watakaa mbali wakilinda njia. Anayejua atamfundisha asiyejua, kwenye maji ya magotini kwanza. Mtoto hataingia bila mtu mzima wa kumshika. Na hakuna atakayeoga katika Ziwa Rukwa, makazi ya mamba na viboko.

Mzazi uliye na binti, jiulize leo: akiteleza, ataokolewa na nani?