Simu yako ni amana ya wengine



Limezoeleka siku hizi neno hili: "Mimi sina la kuficha, anayetaka kunichunguza na anichunguze." Wasemao hivyo hudhani wanajisemea wenyewe tu. Kwa hakika wanawasemea na wengine, ambao hawakuwapa idhini hiyo.

Tuitazame habari ya Ahmed Mansoor, mtetezi wa haki za binadamu wa Falme za Kiarabu. Agosti 2016 aliletewa ujumbe katika simu yake, ukimwahidi siri mpya juu ya mateso ya wafungwa nchini mwake endapo angebonyeza anwani iliyomo. Hakubonyeza. Aliupeleka kwa watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto, nao wakagundua kwamba nyuma yake ilikuwapo Pegasus, programu ya ujasusi ya kampuni ya NSO Group ya Israeli. Lau angalibonyeza, simu ingaligeuka jasusi mfukoni mwake, ikisikiliza, ikipiga picha na kusoma barua zake. Kampuni ya Apple ikalazimika kuziba nyufa tatu katika simu zake.

Angalieni chambo kilichotumika. Hakikuwa fedha wala anasa. Kilikuwa huruma yake kwa wafungwa.

Mansoor alikamatwa Machi 2017, na mwaka 2018 akahukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa maandishi yake. Julai 2024 akaongezewa 15. Kampuni hiyo husema huziuzia serikali tu, ili zipambane na wahalifu na magaidi. Haya, Mansoor alikuwa gaidi wa nani?

Wala hadhari peke yake haitoshi tena. Mwaka 2019 simu za watu wapatao 1,400 zilishambuliwa kupitia WhatsApp kwa kupigiwa tu, hata kama mwenyewe hakupokea. Desemba 2024 mahakama ya Marekani ikaitia hatiani kampuni hiyo. Na asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya Uarabuni tu. Mwaka 2021 iliripotiwa kwamba simu za watumishi wa ubalozi wa Marekani nchini Uganda zilidukuliwa kwa programu hiyohiyo. Ikiwa ubalozi umeingiliwa, seuze katibu wa jumuiya ya mtaani!

Katibu huyo ana nini? Ana majina ya wajane wanaosaidiwa, maneno ya mama aliyelalamika kupigwa, malalamiko ya kibarua dhidi ya tajiri wake. Hao walimwamini yeye, hawakuiamini simu. Basi programu za simu zihuishwe kila toleo jipya linapotoka, orodha zisizohitajika zifutwe, na yaliyo mazito yasemwe ana kwa ana.

Hata hivyo mzigo huu si wa katibu peke yake. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inahifadhi mawasiliano binafsi ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu 2023. Wabunge waulizwe: chombo cha namna hii kikinunuliwa, ni jaji gani atakayetoa idhini, na aliyechunguzwa bila kosa atalalamika wapi?