Mwandishi Asikatae Kuandika: Kitambulisho, Daftari la Kura na Uadilifu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wiki iliyopita, baada ya swala ya Magharibi, alinifuata kijana mmoja ninayemjua tangu akisoma juzuu Amma chuoni kwetu. Sasa ana miaka ishirini na miwili. Alizaliwa hapa Pwani, mama yake alizaliwa hapa, babu yake amezikwa hapa. Akaniambia, "Ustadhi, mimi nimekata tamaa. Habari ya kujiandikisha kupiga kura nimeiacha."

Nikadhani ni uvivu wa vijana. Nikampa nasaha ndefu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyochanika kwenye mikunjo. Ni ile karatasi ya kusubiri kitambulisho, na huu ni mwaka wa pili anatembea nayo. Alitakiwa cheti cha mama, akaleta. Akatakiwa kitambulisho cha babu, na babu amekufa zamani, kitambulisho chake hakijulikani kilipo. Akaambiwa alete wazee wa mtaa wamshuhudie. Wazee wakaacha shughuli zao wakaenda, na siku hiyo ofisa hakuwepo.

Wallahi niliona haya. Nilikuwa namlaumu mtu aliyefungiwa mlango kwa nini haingii ndani.

Leo nataka tuzungumze jambo hili. Kuandikwa kwenye daftari la wapiga kura kuwe kwepesi au kugumu? Wako wanaosema kukiwa kwepesi mno wataingia wasiostahiki. Wako wanaosema kukiwa kugumu watanyimwa wenye haki. Tulitazame kwa mizani ya dini yetu, kisha turudi kwenye hali yetu Kenya.

*KISA CHA DAFTARI LA SAYYIDNA UMAR*

Sayyidna Umar bin al-Khattab, Allah amridhie, ndiye aliyeweka diwani, yaani daftari la majina ya watu na fungu la kila mmoja kutoka Baitul-mal. Katika kanuni zake za mwanzo, mtoto mchanga hakuandikiwa fungu mpaka aachishwe ziwa.

Amepokea Ibn Saad katika Tabaqat kwamba usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ulipiga kambi Madina. Umar akatoka na Abdurrahman bin Awf kuulinda. Akasikia mtoto analia, akamwendea mama yake akamwambia amche Allah na amtunze mwanawe. Akarudi mahali pake. Mtoto akalia tena, akaenda tena. Ilipofika mwisho wa usiku mtoto bado analia, Umar akamlaumu yule mama kwa maneno makali. Mama, naye hajui anazungumza na nani, akamjibu kwamba amemchosha usiku kucha. Akasema anamlazimisha mtoto aache ziwa na mtoto hataki. Kwa nini? Kwa sababu Umar haandikii fungu ila mtoto aliyeachishwa.

Alfajiri ile Umar aliswalisha watu hata hawakuisikia vizuri kisomo chake kwa kilio. Alipotoa salamu akajilaumu nafsi yake kwa watoto wangapi wa Waislamu waliodhurika kwa ajili ya kanuni yake. Akaamuru itangazwe kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto wao, kwani kuanzia siku hiyo kila mtoto wa Kiislamu anayezaliwa ataandikiwa fungu. Na akawaandikia hivyo watawala wa majimbo.

Ndugu zangu, kanuni ile haikuwekwa kwa ubaya. Ilikuwa na hesabu yake ndani yake. Lakini Umar alipoona inamuumiza mnyonge hakusema "hiyo ndiyo taratibu". Hakumwambia yule mama alete mashahidi. Aliibadilisha asubuhi ile ile. Na tazameni, hata Umar mwanzo alimlaumu mama, kama mimi nilivyomlaumu yule kijana. Ukiwa upande wa daftari, kosa la daftari hulioni. Unaliona kosa la anayelia.

*AYA NDEFU KULIKO ZOTE*

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu ni aya ya 282 ya Suratul-Baqara, na inahusu kuandika. Allah Subhanahu wa Ta'ala anatuamrisha deni la muda liandikwe, liwe dogo au kubwa, na liwe na mashahidi. Kwa hiyo dini yetu inataka mambo yawe na rekodi, na daftari ni jambo la kisharia.

Lakini angalieni mzigo umewekwa kwa nani. Mwandishi ameamrishwa aandike kwa uadilifu. Tena amekatazwa asikatae kuandika, kwa sababu elimu ile amepewa na Mola wake. Na kama anayedaiwa ni dhaifu au hawezi kusema mwenyewe, haikusemwa basi jambo lake liachwe. Walii wake amsemee, kwa uadilifu vilevile.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipowatuma Muadh bin Jabal na Abu Musa al-Ash'ari kwenda Yemen, aliwausia warahisishe mambo wala wasiyafanye magumu. Wale walikuwa wanakwenda kuongoza watu. Na katika Sahih Muslim, Bibi Aisha, Allah amridhie, amepokea dua ya Mtume kwamba mwenye kushika jambo la umma akawatia watu mashaka, basi Allah naye amtie mashaka. Kila mwenye muhuri mezani aisome hadithi hiyo kabla hajafungua ofisi.

*HALI YETU*

Sasa turudi nyumbani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 83, inasema mipango ya kuandikisha wapiga kura iwekwe kwa namna ya kumrahisishia raia anayestahiki, wala isiwe ya kumnyima haki yake. Katiba imeamua kama alivyoamua Umar. Tatizo liko njiani.

Huwezi kuandikwa mpiga kura bila kitambulisho au pasipoti. Karatasi ya kusubiri haikufikishi popote. Kwa hiyo mlango wa kura hauko kituo cha kuandikishia, uko ofisi ya vitambulisho. Na kwa miaka mingi mlango huo haukuwa wa upana mmoja kwa watu wote. Kijana wa kwingine alitakiwa karatasi zake na za wazazi wake, basi. Wa Kaskazini Mashariki alipelekwa mbele ya kamati apigwe msasa. Na hapa Pwani, wangapi wetu wameulizwa cheti cha babu kwa sababu ya jina tu? Wazee wetu wa Kisomali hawajasahau msako wa 1989, raia walipotakiwa kuthibitisha upya kwamba ni raia.

Wala msidhani ni shida ya Waislamu peke yao. Wamakonde wa Kwale, ambao kati yao wako Wakristo na Waislamu, wazee wao waliletwa kufanya kazi mashamba ya mkonge na miwa. Wajukuu wakazaliwa hapa na wakakaa bila kitambulisho mpaka walipofunga safari ya miguu kwenda Nairobi mwaka 2016. Wapemba wa Kwale na Kilifi walisubiri mpaka 2023 ndipo wakatambuliwa. Mtu anavua samaki, anaoa, anazika, anazeeka, na hajawahi kuulizwa nani amuongoze.

Mwezi Februari 2025, Rais William Ruto akiwa Wajir alitia saini kuondoa ule msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Tunashukuru, maana asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Lakini saini ni mwanzo. Kinachotakiwa ni yule ofisa wa mwisho, mezani kwake, aache kuuliza swali ambalo halimo tena kwenye kanuni.

Na kuna umbali. Ndugu yetu wa Kiunga au Basuba akitakiwa aifuate ofisi ya eneo bunge lake, safari yake si ya matatu ya shilingi hamsini. Ni mwendo na bahari, ni nauli ya boti, ni siku ya uvuvi iliyopotea. Mashine ya alama za vidole ikikaa kwake siku mbili kisha ikaondoka, aliyekuwa baharini siku hizo ameachwa.

Na kuna muda. Daftari hufungwa kabla ya uchaguzi, na uchaguzi mkuu ni kila miaka mitano, ujao ukiwa Agosti 2027. Kitambulisho kikichelewa miezi mitatu kikapitiliza siku ya kufunga daftari, sauti ya mtu imechelewa miaka mitano.

*HOJA YA WANAOOGOPA*

Tuwe waadilifu, tuisikilize hoja ya upande wa pili. Wanasema mpaka wetu na Somalia una hatari, na wageni wakipewa vitambulisho wataharibu usalama na uchaguzi. Hofu hiyo si ya uongo. Mwaka 2015 waliuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Damu ile hatuisahau, na dini yetu iko mbali nayo.

Lakini jiulizeni, ugumu huu unamzuia nani? Mhalifu mwenye pesa hapangi foleni. Anampata mtu, anatoa bahasha, anatoka na kitambulisho. Anayezuiwa ni yule mama wa kuuza mahamri ambaye hana cha kutoa na hamjui mtu. Kila hatua isiyo na haja unayoiongeza ni kituo kipya cha rushwa, na Mtume wetu amemlaani mtoaji na mpokeaji.

Tena kumbukeni ya 2007. Baada ya balaa lile, tume ya Jaji Kriegler mwaka 2008 ilikuta daftari limejaa majina ya watu waliokufa. Daftari lililokuwa gumu kwa walio hai likawa jepesi kwa maiti! Ndio maana uchaguzi wa 2013 ukaja na mashine za alama za vidole. Huo ndio ukali wa mahali pake: kidole kimoja kisiandikwe mara mbili, jina la marehemu lifutwe. Kazi hiyo ni ya mwenye daftari, na haimlazimu raia kufukua makaratasi ya babu yake.

Tazameni ndoa zetu. Nikahi ina walii, ina mashahidi wawili, ina mahari. Si jambo la mchezo. Lakini kadhi hajapata kumwambia bwana harusi alete cheti cha ndoa cha babu yake. Sharia imeweka masharti yanayotosha kulinda haki, ikaishia hapo. Na daftari la kura liwe hivyo.

*NA SISI JE?*

Nisije nikawalaumu wenye ofisi peke yao. Sisi pia tuna letu.

Kwanza, tuwaandikie watoto vyeti vya kuzaliwa wakiwa wachanga. Karatasi unayoidharau leo ndiyo atakayoililia mwanao akifika miaka kumi na minane.

Pili, tusishuhudie uongo. Kumwandikisha mtu asiye mwanao kuwa ni mwanao, au mgeni kuwa ni mwenyeji, ni ushahidi wa uongo. Mtume wetu alipoyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, akakaa kitako alipofika kwenye ushahidi wa uongo, akaukariri. Uongo wa mmoja wetu ndio unaotumiwa kuwafungia mlango mia wakweli.

Tatu, tusiuze vitambulisho vyetu msimu wa uchaguzi. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameifananisha kura na ushahidi. Je, ushahidi unauzwa kwa shilingi elfu moja? Na wewe baba unayefungia kitambulisho cha mkeo kabatini, mrudishie. Ni amana yake.

Nne, misikiti yetu isaidie. Baada ya Ijumaa, vijana wanaojua kusoma na kuandika wakae barazani na wazee na akina mama, wawatazamie karatasi zao, wajue kilichopungua kabla hawajapoteza nauli. Simwambii mtu amchague nani, na sitasema. Najua pia wako ndugu wenye rai nyingine kuhusu kupiga kura kwenyewe. Lakini mwenye kuacha haki yake kwa hiari na mwenye kunyang'anywa hawako sawa, na kumtetea aliyenyang'anywa ni wajibu wetu sote.

Yule kijana nimemwambia, mwanangu, Jumatatu tutakwenda pamoja, na wale wazee wa mtaa tutawaomba tena. Ofisa asipokuwepo tutarudi Jumanne. Lakini nawauliza ninyi mlio na kalamu: asiye na ustadhi wa kumsindikiza, aende na nani?

Ewe Mola, wape wenye kushika mambo yetu moyo wa Umar, wa kulia wanapokosea na kurekebisha kabla jua halijachomoza. Na utuepushe tusiwe mashahidi wa uongo wala wauzaji wa amana. Amin.

Wallahu a'lam. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.