Simba yako Karungu isiwe tanuri la vioo

Ukifungua simu leo utaziona tu: simba za kisasa. Paa limefichwa nyuma ya ukuta, madirisha ya kuteleza yametoka karibu sakafuni hadi juu, kioo kinang'aa bluu, na mlango wa chuma umepakwa rangi ufanane na mbao. Vijana wengi wa Nyanza tunaosaka riziki mjini tunazimezea mate. Tunamtumia fundi picha kwa WhatsApp na kumwambia, "Nijengee kama hii."

Kabla hujatuma hiyo picha, jiulize: nyumba hiyo imejengwa wapi?

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi. Tofauti hiyo unaihisi mwilini ukishuka gari pale Sori. Nairobi mwezi wa Julai, kioo kikubwa kinachoingiza jua ni baraka. Karungu kioo hicho hicho kinakupikia ndani ya nyumba. Hata zile makala za Ulaya zinazosifia madirisha ya vioo viwili kwa kuokoa umeme zinazungumzia watu wanaolipia joto wakati wa baridi kali. Sisi joto tunalo bure. Kazi yetu ni kulizuia.

Karungu ina mtego wake pia. Ziwa liko magharibi, na jua hutua huko huko. Kila mtu anataka sebule itazame maji, basi kioo chote kinawekwa upande huo. Kuanzia saa tisa alasiri jua linashuka na kuingia moja kwa moja hadi kwenye kochi. Pazia halitakusaidia sana, kwa sababu joto limeshapita kioo na kubaki ndani. Jua huzuiwa likiwa nje.

Lile paa la kujificha nalo linaongeza shida. Ukiondoa ukingo wa paa, umeondoa kivuli cha dirisha. Mvua ya ziwa ikija, itabidi ufunge kila kitu.

Utasema, "Nitaweka feni." Sawa, feni ya kawaida hutumia wati 50 hadi 70 hivi. Lakini chumba kikishika moto, feni inazungusha hewa moto tu. Ukifikiria AC, hiyo mara nyingi inahitaji wati 1,000 au zaidi, na ile sola ndogo uliyomnunulia mama haiwezi kuibeba.

Hata hivyo, bili ya umeme si jambo linalonisumbua zaidi. Jioni mbu wanaanza kazi, watu wanafunga madirisha, joto la mchana linabaki ndani. Saa nne usiku mtoto anatokwa jasho, anasukuma neti kando ili apate hewa. Unajua kinachofuata. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa 2020 uliwapima watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 14. Kitaifa, asilimia 6 walikuwa na vimelea. Kanda ya ziwa ilikuwa asilimia 19. Wewe utalala kwa hiyo nyumba Desemba. Wadogo zako watalala humo mwaka mzima.

Sasa tufanye nini? Kwanza, jenga baraza pana upande wa ziwa, ile nyanya yako anaiita agola. Utakaa hapo kutazama maji, na madirisha ya nyuma yake yatapata kivuli. Madirisha makubwa yaweke kaskazini na kusini. Karungu iko karibu sana na ikweta, kwa hivyo jua la pande hizo huwa juu sana, na ukingo wa paa wa kawaida unatosha kulikinga.

Pili, kila chumba kiwe na njia mbili za hewa ikiwezekana. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Chumba chenye dirisha moja tu hakinufaiki na safari hiyo. Na kumbuka dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu, ilhali la bawaba hufunguka karibu lote. Kama roho yako iko kwa la kuteleza, nunua lenye fremu ya wavu. Kama ni la bawaba, mwambie fundi wa kuchomelea mapema: dirisha lifungukie nje, wavu ukae ndani.

Tatu, vile vitundu vya hewa juu ya dirisha usivizibe kwa simiti. Viwekee wavu, na mwanya ulio kati ya ukuta na paa pia, maana mbu wa malaria huupenda huo. Nchini Gambia, watafiti waliweka wavu kwenye nyumba, na matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha mbu wa ndani walipungua kwa zaidi ya nusu. Upungufu wa damu kwa watoto nao ulishuka.

Nne, mlango. Mlango wa chuma unaopigwa na jua la magharibi unageuka pasi. Uweke penye kivuli, kisha ongeza mlango wa pili wa wavu wenye springi. Jioni unaacha ule mzito wazi, upepo unaingia, mbu wanabaki nje. Na mwanya wa chini uzibwe.

Najua utaniambia usalama na swag. Grili inakaa vizuri na wavu, hakuna ugomvi hapo. Swag je? Nyumba inayokufukuza saa tisa ukakae chini ya mwembe haina swag yoyote, hata ikipata likes elfu kumi.

Pesa zikiwa kidogo, punguza kioo kwanza. Kila mita ya kioo unayoiacha upande wa magharibi inaweza kugharamia wavu, bawaba nzuri au nguzo ya baraza. Fundi akikuambia, "Lakini bosi, picha yako haiko hivi," mjibu kwamba anayelala humo si picha.